Regyuleta ya Kashindye

Kirumba, Mwanza
12 Februari 1995

Kaka Chenge,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila Mama magoti yanamsumbua. Sauti yake lakini haijapungua hata chembe. Wewe, wifi na watoto mnaendeleaje na joto la Dar?

Kaka, nimeaibika. Unajua tangu mwaka jana nazamia na kikundi cha Mzee Ngosha, tunatoa nyavu zilizojizungusha kwenye propela za boti. Juzi nimezama mbele ya umati, nikavuta pumzi, nikapata maji badala ya hewa. Nilitoka nakohoa na kutapika huku wauza dagaa wanajishika mbavu kwa kicheko. Mzee Ngosha akatangaza kwamba kifua cha mwanamke hakiwezi kazi hii. Mama naye kasema nikishindwa mara nyingine, basi, ameshanitafutia meza ya mitumba sokoni.

Sasa kuna kiwanda kipya cha minofu ya sangara. Bomba lao la kuvuta maji linazibwa na magugu maji, wanataka mzamiaji wa kudumu. Mwezi wa tano tutajaribiwa, na mimi nimejiandikisha. Nikikosa hapo, ndiyo nimeiaga hii kazi.

Nataka regyuleta yangu mwenyewe, siyo hii ya kuazima kwa Ngosha. Ni kile kifaa kinachofungwa kwenye mtungi wa hewa, mpira wake unakuja mdomoni, ndicho unachovutia pumzi chini ya maji. Rafiki yangu Nusrat, anayekuja huko kila mara kununua vitenge, nimempa akiba yangu yote akuletee. Tafadhali usichague kwa macho. Nakujua.

Mdogo wako,
Kashindye


Temeke, Dar es Salaam
3 Machi 1995

Mdogo wangu Kashindye,

Marahaba. Sisi wazima wa afya, joto tumelizoea. Mpe Mama pole ya magoti, mwambie dawa ya kuchua inakuja.

Wewe nawe! Watu wanaagiza viatu, wewe unaagiza pumzi. Haya, nimekwenda. Siku hizi milango ya biashara imefunguliwa, maduka yamejaa hadi barazani, utasema zile foleni za sabuni tuliziota. Huko Msasani nimempata bwana mmoja, Suhaib, anauza vifaa vya kuzamia. Nikaiona moja ya njano, dada, inang'aa! Ukitoka nayo majini hata sangara watakupigia makofi.

Suhaib akaniuliza, “Huko Mwanza mkishazamia, mnaisuuza?” Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: maji yetu hayana chumvi, tunayanywa, tusuuze nini? Alinitazama kama nimemtukania mama yake. Anasema wa pwani wanasuuza kwa maji safi kila wakitoka, kwa kuogopa chumvi. Ninyi, anasema, hamna chumvi, lakini tope je? Kanishauri nikwambie uifungue hiyo ya Ngosha na uangalie kile kijiraba cha kutolea pumzi. Ifungue, kisha unijibu kabla sijanunua.

Kaka yako,
Chenge


Kirumba
19 Machi 1995

Kaka Chenge,

Shikamoo, na salamu kwa wote. Mama anauliza dawa iko wapi.

Nimeifungua. Jamani! Tope limekauka humo ndani kama sakafu ya jiko. Magamba ya dagaa, vijani vya magugu, na kile kijiraba kimesimama wazi, hakifungi. Ukitoa pumzi inatoka, ukivuta maji yanaingia. Kifua changu hakina kosa, Kaka! Nililia pale pale kwa furaha na kwa hasira. Miaka yote wanaume wale wanakohoa wanasema ni baridi ya ziwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusuuza kitu. Wote tulijidanganya na maji yetu matamu.

Nikamweleza Mzee Ngosha. Alichosikia yeye ni kwamba nimefungua kifaa chake bila ruhusa. Kaninyang'anya, kanifukuza kikundini. Kwa hiyo sasa sina hata ya kuazima, nimebaki na wewe tu.

Hiyo ya njano achana nayo mpaka uulize haya. Inafungwaje? Mitungi ya huku ni ya kubana kwa kibano, ile ya kuskrubu haitaingia. Springi yake imefunikwa tope lisiifikie? Vipuri vinapatikana? Na kubwa zaidi: mtu akiinamisha kichwa chini, miguu juu, bado inatoa hewa au inaleta maji? Mdomo wa lile bomba la kiwanda unaangalia chini karibu na tope, unaufikia kichwa kikitangulia, kazi yote ni ya kupinduka.

Mdogo wako,
Kashindye


Temeke
8 Aprili 1995

Kashindye,

Marahaba, hatujambo. Dawa ya Mama iko ndani ya kifurushi, aache kelele.

Leo umeniua. Ya njano ni ya kuskrubu, ikatoka. Zikabaki mbili, nyeusi na ya bluu, zote za kibano. Nikamuuliza Suhaib habari ya kichwa chini miguu juu, akasema, “Hilo halielezeki dukani,” akanipeleka kwenye bwawa la hoteli moja. Mimi! Mimi ambaye hata kivuko cha Busisi napanda nimefumba macho! Nikashuka na kaptula ya kuazima, Suhaib kanishika kiuno, kanipindua. Watalii wamesimama wanapiga picha.

Ya bluu ilininywesha maji ya bwawa yanayonuka dawa. Nyeusi ikanipa hewa. Nikavuta tena, hewa. Nikakaa huko kichwa chini, sijaamini, mpaka Suhaib akaniinua akidhani nimezimia. Haina sura hata kidogo, mdogo wangu, lakini springi imefunikwa, vipuri vipo, na nimekuongezea vijiraba vya akiba. Nusrat anakuja nayo kwa treni. Isuuze!

Kaka yako aliyezamia,
Chenge


Temeke
2 Juni 1995

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Mwezi wa tano umepita, sijapata hata mstari. Nusrat amerudi Dar anasema alikukabidhi mkononi. Silali vizuri. Niliichagua mimi, kwa hiyo kama kuna lililotokea najua kosa ni langu. Andika, hata neno moja.

Chenge


Kirumba
11 Juni 1995

Kaka yangu Chenge,

Shikamoo, shikamoo tena. Nisamehe, jaribio lilisogezwa mbele hadi jana.

Tulikuwa wanne. Shimba, yule kijogoo wa Ngosha, alizama wa kwanza, alipopinduka tu akanywa maji, akatoka anakohoa. Wawili wengine hivyo hivyo. Watu wameshaanza kuondoka. Nikafunga kibano, nikavuta mara mbili, nikashuka.

Chini huoni hata kiganja chako. Nikapapasa hadi mdomo wa bomba, nikajipindua, nikavuta pumzi. Hewa, Kaka! Kavu, laini, imejaa. Nilikata magugu, nikavuta, nikakata, mpaka nikasikia pampu inaunguruma na maji yananivuta mkono kuingia ndani. Nikacheka mle chini kwa chini.

Nilipoibuka meneja wa kiwanda alinipa kazi pale pale, ningali majini na mtungi mgongoni. Mzee Ngosha akanijia, regyuleta yake mkononi. “Binti,” akasema, “nifungulie na hii.” Nitamfungulia, lakini anasuuza yeye.

Mama alikuwa ameapa hafiki. Kumbe alifika, kajificha nyuma ya matenga ya samaki. Mwanamke mmoja pembeni yake akauliza yule mzamiaji ni mtoto wa nani. Kaka, uliisikia sauti yake huko Temeke? Maana Mama alipasua umati, akaingia ziwani na kitenge chake kipya hadi kiunoni, ananishika mkono, anapiga kelele Kirumba nzima isikie: “Wangu! Huyu ni wangu!”

Mzamiaji, mdogo wako,
Kashindye