Kenge wa bwawani kwa Madam Maria

Brian, si nilikwambia Mtwara nzima hakuna anayejua kutunza samaki wa mapambo kama mimi? Futa hiyo.

Wamekufa. Makoi wote, samaki wa rangi wa bosi wangu Madam Maria, wale alioachiwa na marehemu mumewe. Walielea kama maganda ya machungwa.

Asubuhi alinipigia toka Dodoma: "Kipupwe kimeanza, hakikisha samaki wangu hawapigwi na baridi."

Hawapigwi na baridi, Brian. Mimi nikaelewa kama anazungumzia mtoto mchanga wa kuogeshwa maji ya moto. Nikachemsha maji, nikamimina bwawani. Sufuria nzima. Nikaona hayatoshi, nikaongeza ya pili.

Nikawafukia nyuma ya mkorosho. Sijamaliza, akapiga tena. Nikaweka spika, mikono yote udongo.

"Wanangu hawajambo?"

"Madam, kenge kaingia. Kawamaliza wote."

Halafu nikasikia analia. Madam Maria, analia. "Ndicho kitu pekee alichoniachia."

Kumbe dada Somoe, mpishi wake, yuko nyuma yangu muda wote. Akainamia simu, taratibu kabisa:

"Madam, shikamoo. Huyo kenge ndiye aliyekuja jikoni kuazima sufuria yangu ya pilau?"