Warefu Wote Zamu Moja

Mujukuu wangu Ilunga, huko Kinshasa,

Hapa Naviundu tuko wazima. Dada yako amejifungua mapacha, na anayenyimwa usingizi ni mimi.

Unauliza kama timu yenu, mnayoijenga upya, ibakize wazee ao iwatoe wote na kulipa vijana warefu. Swali hilo bado linaniuma.

Wakati wa Zaire nilicheza basketi katika timu ya kampuni ya shaba. Tulipofungwa michezo sita mfululizo, kocha alitutoa wazee watano. Nilikuwa na miaka thelathini na moja! Nafasi zetu akawapa vijana warefu kama nguzo za umeme, wote wafanyakazi wa kikosi kimoja cha tanuru ya kampuni.

Jumamosi, siku ya posho, nilienda uwanjani ili nicheke. Saa ya mchezo ikafika, vijana hawako. Wiki hiyo kikosi chao kilikuwa zamu ya mangaribi, na mkubwa wa tanuru alikataa kuwaachilia.

Kocha akaniita, kama wananchi wote tulivyoitwa wakati huo: “Citoyen, shuka huku!”

“Miye? Si ulisema niko muzee?”

“Buzee bwako bulikwisha sasa hivi. Vaa!”

Jezi ya mmoja wa wale warefu ilinifika magotini. Bibi yako akapaza sauti: “Mumuone bwana yangu, anavaa gauni, robe yangu!”

Tulifungwa, lakini kwa pointi nne tu, na kumi na sita nilitia miye.

Basi, warefu sikukatazi. Uliza kwanza nani atakuwako siku ya mchezo. Jumatatu kocha wetu alirudisha wazee watatu, mmoja kwa kila zamu, mimi wa kwanza. Radhi hakuomba. Alisema tu kwamba hesabu ilikuwa ngumu.

Ngumu! Zamu ni tatu.

Babu, kambo yako