Jioni Niliyofunga Dirisha la Bi Norma

Alhamisi

Kwa Baba,

Salamu za kwetu, mulembe, na za majirani zetu, chamge. Hamjambo hapo Kiptere? Mgongo wa Mama umepata nafuu, au bado anaamka ameshika kiuno? Na wewe masikio yako? Kaka Ken aliniambia siku hizi hata mlango ukigongwa husikii mpaka mtu aje akuguse bega. Zile feni za kiwanda cha chai zilikulipa vibaya. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningelazimika kupiga kelele, na haya si maneno ya kupigia kelele, tena Ken akiwa katikati akikutafsiria kwa mikono. Barua hii nitampa Jepkirui, rafiki yangu wa huku, mzaliwa wa Bomet, ambaye anakuja likizo Jumatatu. Atamkabidhi Ken hapo Sotik. Isome peke yako kwanza, halafu wewe uamue utamwambia Mama nini.

Mimi siumwi popote. Nakula, naoga, nafagia nyumba ambayo haina mtu. Unajua mguu ukiukalia vibaya unavyokufa ganzi, ukiufinya ni kama unafinya mguu wa mtu mwingine? Mimi ndivyo nilivyo, mwili mzima, wiki ya tatu sasa. Ken alikwambia kwamba Bi Norma, yule ajuza niliyekuwa nikimtunza huku Marekani, alifariki. Hakukwambia alivyofariki kwa sababu hajui. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi.

Nianze na joto, maana wewe hujawahi kulijua. Joto la huku si la kuvua koti, ingawa najua wewe hata huku ungegoma kulivua lile lako la kazini. Hapa jua la kiangazi linazama saa mbili za usiku kupita, na likizama bado ukuta unatoa moto. Hakuna ile mvua yetu ya kila alasiri, wala mvua ya mawe ya kuharibu majani chai. Watu hawa, Baba, wanakunywa chai na barafu. Mara ya kwanza Bi Norma aliponiomba chai nikamletea ya maziwa inayofuka, alinitazama kama nimemletea uji wa mtoto.

Kila nyumba ina mashine ya kupoza hewa, lakini Bi Norma hakuipenda. Alisema inamuumiza magoti. Mtoto wake, Greg, naye hakuipenda kwa sababu inakula stima kuliko kitu kingine chochote nyumbani, na tena kampuni ya stima ilikuwa ikituma ujumbe kila siku kuomba watu wapunguze alasiri, kwamba umeme hautoshi mji mzima. Kwa hiyo Greg aliniambia, "Usiiwashe ila ikibidi kabisa." Nikasema sawa.

Wiki ya kwanza ya joto nilifanya tunavyofanya nyumbani. Jua lilipotoka nilifungua madirisha yote, nikavuta mapazia, nikaanika blanketi. Kufikia saa sita nyumba ilikuwa tanuri. Bi Norma alikuwa amekaa kwenye kiti chake akijipepea na gazeti, akaniambia, "Evelyn, umelikaribisha jua ndani. Sasa litalala kwenye kitanda cha nani?" Hakuweza kulitamka jina langu vizuri, na mimi sikumsahihisha.

Ndiye aliyenifundisha. Asubuhi kabla jua halijachomoza unafunga kila kitu, madirisha na mapazia, na lile dirisha la magharibi unaliongezea shuka nyeupe. Unapika alfajiri, halafu jiko haliguswi tena. Hakuna kupiga pasi, taa zinazimwa, hata televisheni, maana navyo vinatoa joto. Mchana mnakaa gizani mnakula matango, miguu kwenye beseni la maji. Jioni nje pakipoa kuliko ndani, unafungua madirisha yanayotazamana, unaweka feni kwenye dirisha moja ikitazama nje, inasukuma joto litoke, na hewa ya baridi inaingia yenyewe upande wa pili.

Baba, nilicheka peke yangu. Hiyo ni kazi yako! Nilikumbuka ulivyokuwa unanipeleka kwenye chumba cha kunyausha majani, yametandazwa kwenye vile vitanda vya waya, feni zikipuliza kutoka chini, na wewe unapita ukiyashika kwa kiganja. Ulikuwa ukiniambia, "Usiulize saa. Uliza majani." Nikaiendesha nyumba ya Bi Norma hivyo hivyo. Nilikuwa natoka nje jioni nashika ukuta, naingia ndani nashika ukuta, ndipo nafungua. Bili ya stima ikashuka mpaka Greg akanipigia simu kunisifu. Nilivimba kichwa, sikufichi. Nilimwambia Ken akwambie, na najua ulifurahi, kwa sababu aliniambia ulimsimulia kila mtu sokoni.

Halafu zikaja siku ambazo nje hapakupoa. Siku tisa mfululizo. Jioni nashika ukuta wa nje, nashika wa ndani, sioni tofauti. Nilifungua hivyo hivyo, feni ikawa inazungusha joto tu. Niliiangalia ile mashine. Nilisema kesho pengine. Nilikuwa nimesifiwa, Baba, nikaona nikiiwasha ni kama nimeshindwa.

Siku ya tisa Bi Norma hakutaka kula. Jua lilikuwa bado halijazama, nilikuwa namkanda miguu, akaniambia, "Nasikia baridi." Nikamtazama. Alikuwa anatetemeka mabega. Nikamshika shingo, haikuwa na jasho hata tone, na nikafurahi. Nilisema kumbe amepoa.

Sasa wewe mwenyewe unajua kwetu mtu mzee akisema anasikia baridi tunafanya nini. Hatuulizi swali la pili. Kila siku ya maisha yangu saa kumi na mbili jioni Mama alipita nyumba nzima akisema, "Fungeni, fungeni, baridi inaingia, mtaniletea nimonia hapa." Sijawahi kusikia mtu Kericho amekufa kwa joto. Nimezika waliokufa kwa kifua. Kwa hiyo nilifunga dirisha lake. Nilimvalisha sweta. Nikamfunika blanketi, nikaona bado anatetemeka, nikaongeza la pili. Nikamchemshia chai ya maziwa na tangawizi, akanywa nusu kikombe kwa sababu mimi ndiye nimempa. Nilikaa naye mpaka akalala. Nililala vizuri sana siku hiyo, nikijua nimefanya kazi yangu.

Alfajiri hakuamka. Alikuwa anapumua, lakini mwili ulikuwa moto kama sufuria. Nilivuta mablanketi yote, nikamvua sweta, nikafungua dirisha, ndipo nikapiga simu ya ambulensi. Sikufanya hivyo ili nifiche. Mikono ilifanya yenyewe. Lakini walipofika walikuta shuka moja na dirisha wazi, na hivyo ndivyo walivyoandika. Hospitalini alikaa siku mbili, akafariki.

Daktari alisema ni joto. Alieleza kwamba mzee joto likimzidi anaweza kuacha kutoa jasho, na anaweza hata kuhisi baridi. Alikuwa anamweleza Greg, mimi nikiwa nimesimama nyuma na mkoba wa Bi Norma. Akauliza kama mashine ya nyumbani ilikuwa inawaka. Greg akasema, "Hapana. Ni mimi nilimwambia asiiwashe." Akarudia mara tatu. Mimi nikanyamaza.

Tangu siku hiyo Greg anasema amemuua mama yake kwa ajili ya stima. Ni mtu mkubwa, Baba, umri wa Ken na zaidi, ana mvi. Anakuja hapa kufungasha vitu, anaanza na kikombe kimoja, anakaa chini. Hata chakula hali. Mimi ameniomba nibaki niitunze nyumba mpaka iuzwe. Ananiambia, "Wewe ulimtunza vizuri. Kosa ni langu." Ananiambia hivyo mimi nikiwa na ile siri kooni.

Nilimwambia Jepkirui. Alinishika mdomo kwa mkono.

"Wewe Eva, hiyo maneno umeniambia mimi, iishie hapa. Kuna mtu amekuuliza?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza. Hawa watu wana mawakili kama sisi tuko na ng'ombe. Watakupeleka kortini, makaratasi yako iharibike, urudishwe nyumbani na aibu. Mama ya watu amekufa, pole, lakini hata ukisema hataamka."

"Na Greg?"

"Greg ni mwanaume. Atazoea."

Maneno yake yana akili, siwezi kukataa. Lakini nimemwangalia Greg, na sioni kama anazoea. Jumamosi anakuja kuchukua viti. Ningetaka kukuuliza kwanza, lakini barua haifiki kabla ya Jumamosi. Nimekaa na hili jambo siku zote hizi na hata woga siuhisi. Nangoja tu niuhisi.

Jumapili

Baba, naendelea. Nimemwambia.

Alikuja na lori dogo la kukodi. Tulibeba viti viwili. Cha tatu kilikuwa kile cha Bi Norma, akakishika mgongo akashindwa kukiinua, akaanza yale maneno yake, kwamba ni yeye, ni yeye. Nikasema, "Greg, weka kiti chini. Jioni ile nilifunga dirisha lake." Nikamwambia yote kwa utaratibu. Sweta, blanketi la kwanza, blanketi la pili, chai. Sikulia. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayesoma matangazo kanisani.

Akaketi kwenye kile kiti.

"Alikuambia anasikia baridi?"

"Ndiyo."

"Katika joto lile?"

"Kwetu kuna baridi. Mtu akisema anasikia baridi, tunamfunika. Sikujua kitu kingine."

Akauliza kama mama yake aliogopa. Nikamwambia hapana, alinishika kidole akalala. Hapo aligeuka akatazama ukutani. Kisha akampigia dada yake simu, akaiweka mezani kwa spika, akaniambia nirudie. Nikarudia yote tangu mwanzo. Yule dada hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alisema, "Asante kwa kutuambia. Sasa tafadhali toka katika nyumba ya mama yetu." Hakupandisha sauti. Kuhusu korti hakusema lolote, sijui kama atasema baadaye. Nikisikia neno nitamwambia Ken, usilisikie kwa watu.

Nilifungasha vitu vyangu, havikuzidi sanduku moja. Greg alinibebea mpaka kwenye gari akanileta hapa kwa Jepkirui. Nilidhani ataniacha barabarani tu. Lakini alishuka, akatoa sanduku, akaliweka kwenye ngazi, akasema, "Tangu siku ile silali. Nikifumba macho nasikia sauti yangu ikikuambia usiwashe. Nafikiri leo nitalala." Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikuomba. Alirudi kwenye gari akaenda.

Nilikaa palepale kwenye ngazi juani. Ndipo ile ganzi ikaachia, Baba, na ikiachia inauma, unajua. Nililia mpaka Jepkirui akatoka kuniangalia. Sasa nimetulia kidogo. Nitakaa kwenye chumba chake akiwa likizo, halafu tutaona. Sijui kama kuna mtu atanipa mzee mwingine nimtunze, na sijui kama nikipewa nitaweza kumgusa.

Nisalimie Ken, umwambie asinilaumu kwa kumficha. Nisalimie dada yangu Mercy aliye Kaplong na yule mtoto wake mdogo ambaye sijamwona. Nisalimie Mama Chebet jirani, mwambie maziwa yake ya mursik nayaota. Shangazi wa Vihiga akija msimu huu, mwambie ninaye moyoni. Mama mwambie kile utakachoona anaweza kukibeba.

Na wewe usinijibu kwamba ni mapenzi ya Mungu. Hilo mchungaji wa huku ameshaniambia. Usinijibu kupitia Ken pia. Chukua kalamu wewe mwenyewe, mwandiko mbaya si kitu. Nina swali moja tu. Wewe na Mama mmeanza kuzeeka, na mimi ndiye binti mkubwa, na sote tulikuwa tunajua bila kusema kwamba nikirudi ni mimi nitakayewatunza. Baba, baada ya kusoma haya, bado mtakubali mikono hii iwaguse?

Binti yako,
Everlyne