Pipa la Nyuma ya Jikoni

Jumatatu, 3 Februari
Muuza samaki wa mapambo kanipigia. Hakuna tena. Kile kijito cha msituni walikokuwa wanavuliwa kimechimbwa mchanga, limebaki tope. Kwa hiyo dume na jike nilionao sebuleni ndio wa mwisho. Miezi saba nawabembeleza wazae! Maji ya bomba hapa ni magumu, yanaacha chokaa kwenye birika — humo mayai yao hayaanguliwi. Wanataka maji ya mvua. Ninalo pipa moja nyuma ya jikoni, nimelifunika. Mvua yenyewe haijanyesha tangu Desemba.

Jumatano, 5 Februari
Wifi kasema maji ya tangi la samaki yana rangi ya chai, niyamwage. Nikamweleza: ni majani makavu ya mti wa mkungu, nimeyatia makusudi, huko kwao maji yako hivyo. Akacheka — kumbe nawapikia. Alikuja kwa wiki moja tu. Huu mwezi wa nne.

Ijumaa, 7 Februari
Bosi kasifu koti langu jeupe mbele ya wateja. Miaka sita nauza dawa pale, sijawahi kusifiwa hata kwa bahati mbaya.

Jumapili, 9 Februari
Wametaga! Mayai kama arobaini, chini ya jani. Nimekaa kwenye stuli asubuhi nzima. Mume wangu akauliza kuna nini cha kutazama. Nimeongeza ndoo mbili za maji ya pipa, polepole. Sikupima. Maji ya mvua, nipime nini?

Jumatatu, 10 Februari
Mayai kumi na tisa yamekuwa meupe. Yamekufa. Kipimo cha ugumu wa maji kwenye tangi: tisini. Juzi ilikuwa thelathini. Nikapima pipa — mia mbili na sitini, na hata baada ya ndoo zangu mbili limekaribia mdomoni. Limejaaje bila mvua? Jana nilichota humohumo na sikujiuliza. Mjinga mimi.
Wifi hakuficha hata. Kayafulia nguo yale maji ya mvua, yanatoa povu vizuri, ndiyo maana koti langu lilitakata vile. Halafu akanijazia pipa kwa bomba, nisije nikalikuta tupu. Natamani nimchukie vizuri, hata hilo kaninyima. Nikamwambia tu samaki wanataka mvua tupu. Mume wangu akadakia: maji si maji tu?

Jumanne, 11 Februari
Yamebaki mayai kumi na moja. Moja lina vidoa viwili vyeusi — macho!
Saa kumi mabati yakaanza kulia. Mvua. Nikatoka mbio na ndoo. Wifi kanitangulia, kalowa chapachapa. Pipa kalilaza chini, kichwa chote kimo ndani, analisugua kwa sabuni. Mabeseni yote kayapaka povu, hata ndoo kaninyang'anya mkononi. Leo samaki wako watakunywa safi, wifi yangu, kasema.
Sabuni. Tone moja tu linawamaliza.
Nimeingia ndani kuandika haya nisije nikamtukana. Bado namsikia anasugua. Mvua imeanza kupungua.