Simu ya Duara

Geita, Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Naomba barua hii iwakute wewe na Mama wazima hapo Runzewe, na mgongo wako uwe umepata nafuu. Mimi mwili haujambo. Nimemkabidhi Abel, dereva wa basi la huko, ailete kwa mkono, maana kwa simu ningelia kabla sijamaliza, na Mama angekunyang'anya simu.

Kila siku unaniuliza nafanya nini ofisini Shinyanga, nami nakujibu ni mambo ya kompyuta. Leo acha nikueleze, la sivyo hutanielewa. Tunatengeneza programu ya simu kwa ajili ya wachimbaji wadogo. Anayeshuka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, jina lake linawekwa kwenye simu, na akipanda linaondolewa. Akichelewa, simu inapiga kelele mpaka wenzake walioko juu wamtafute.

Tatizo letu lilikuwa simu za zamani. Kila tulipoboresha kitu, kilifanya kazi kwenye simu mpya na kukwama kwenye zile kuukuu, na kazi ya kuzibembeleza ilikuwa yangu. Kunal, bosi wetu, aliniachia niamue lini tuache kuzihudumia. Nikatazama takwimu, nikaona zilizobaki ni chache mno, nikasema tuache mwezi huu. Kunal alisita, akauliza kama nina hakika watu wale wana simu nyingine. Nilimjibu kwamba siku hizi mchimbaji ana simu nzuri kuliko yangu. Unanijua Baba nikishashika jambo.

Wiki iliyopita Salome, mama anayesimamia duara moja huku Geita, alipiga akilalamika kwamba simu yao imegoma. Juzi nikaja mwenyewe, majibu nimeshayapanga mdomoni. Nilichokikuta kilinimaliza. Wachimbaji wana simu nzuri kweli, ila hakuna anayeileta kwenye matope. Wanawaachia wake zao nyumbani. Pale juu ya duara kuna simu moja kuukuu, kioo kimepasuka, imeviringishwa kwenye mfuko wa nailoni, na ndiyo ya wote. Kwenye takwimu mimi niliona simu moja, kumbe lilikuwa duara zima.

Tangu igome, walikuwa wanatazama ndala. Anayeshuka anavaa buti na kuacha ndala zake juu. Siku hiyo mvua ilikuwa imeanza, watu wamepanda, wananawa na kutaniana, nami nikaona jozi moja imebaki pembeni. Zilikuwa katambuga, za matairi kama unazoshona wewe. Niliinama nikazigeuza, Baba. Ule mshono wa msalaba kisiginoni huwashonei wateja, unatushonea sisi wanao tu.

Nikauliza ni za nani. Salome akasema ni za Mwalimu, wanamwita hivyo kwa sababu anajidai kuwa aliwahi kusomea ualimu. Kila mmoja alidhani amepanda na mwenzake. Wakashuka tena mbio, wakamkuta kwenye njia ya pembeni, udongo umemlalia miguuni tangu asubuhi.

Ndiye, Baba. Ni Mayala wetu. Habari za chuo cha ualimu Mwanza zilikuwa uongo, aliacha zamani na kujificha huku akiona aibu kukwambia. Yu hai, yuko hospitali, anakula na anaongea. Lakini mguu wa kushoto madaktari wameukata. Wanasema ulikaa umebanwa muda mrefu mno, na kwamba angetolewa mapema ungepona.

Simu ile ingelia mapema. Mimi ndiye niliyeizima. Nimemwambia Kunal tuzirudishe simu zote za zamani, naye amekubali bila kunilaumu, jambo lililoniuma kuliko matusi. Na Mayala anawaambia wauguzi kwa majivuno kwamba programu ile ni kazi ya dada yake, eti siku ile ni simu tu iliyokuwa mbovu. Nimeshindwa kumwambia ukweli.

Njooni wote wawili. Mama mwambie taratibu, akiwa amekaa. Nisalimie majirani wote, ila haya yabaki ndani kwanza. Najua ukitoka utataka kumbebea katambuga mpya. Tafadhali Baba, usizibebe.

Ni mimi binti yako, ninayewasubiri,

Zipora