Sindano za Mchango

Salale,
Ijumaa, baada ya sala

Kwa somo yangu Rukaiya,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na mpunga wenu huko Mohoro umenusurika na nguruwe. Mimi mwili haujambo na mimba inakua. Roho ndiyo haijatulia. Ningekupigia simu, lakini nyumba hii siku hizi ina masikio, na mama mkwe hana kazi ila kupitapita karibu yangu na ufagio. Nimempa Muzdalifa, binti wa jirani, akuletee.

Mwezi uliopita nilikwenda kliniki na mume wangu Twalha, kama wanavyotaka siku hizi, tukapimwa damu wote wawili. Yeye akatoka safi. Mimi nikaambiwa nina kaswende. Somo, nilimtazama Twalha kwanza, maana nani asiyejua mambo ya wanaume wakilala dago, kwenye kambi za uvuvi, kufuata kambamiti? Nikajisemea amejichoma dawa huko kisirisiri, kaniachia mimi aibu. Kumbe naye alikuwa ananitazama vivyo hivyo. Tulirudi kwenye boti moja bila kusemeshana. Tangu siku hiyo mama yake hanywi kwenye kikombe nilichoshika, na Twalha ananiuliza mimba ni ya nani.

Tukaenda hospitali ya Mchukwi kuhakikisha. Nesi alituketisha akatueleza kwamba kile kipimo cha kwanza hakimwoni mdudu mwenyewe. Kinawaona askari ambao mwili uliwaunda kupigana naye. Mdudu akishauawa na dawa, askari wale wanabaki kwenye damu, pengine maisha yote. Wala hawakukingi, akasema, maana ukiambukizwa upya unaugua upya. Wakanipima kwa kipimo kingine, wakasema ugonjwa wenyewe ni wa zamani na uliwahi kutibiwa, mtoto tusimhofie. Nikashusha pumzi.

Twalha akaniuliza pale pale, "Ulitibiwa lini, na mbona hukuniambia?"

Nikamwapia kwamba hata sikujua niliwahi kuugua. Tulipofika nyumbani akasema nisipomletea mtu wa kuthibitisha niliugua lini, kabla Shaabani haijaisha, nirudi kwetu Kibiti, na mtoto asiitwe kwa jina lake.

Nikaanza kukumbuka. Nilipokuwa kwa Mashaka, mume wangu wa kwanza, nilitokwa na vipele viganjani visivyowasha. Nilivileta kwako kabla ya mtu yeyote, kwa kuwa wewe ndiye uliyenicheza unyago, na maradhi ya kike huenda kwa somo, hayaendi kwa daktari. Ulivitazama viganja vyangu, hukuuliza hata swali moja. Ulisema ni mchango tu, maradhi ya kawaida ya wanawake, ukanipeleka kwa yule bwana wa duka la dawa, nikachomwa sindano kila tako. Nilipouliza ni mchango gani huu wa sindano kali namna hii, uliniambia mwali haulizi. Nami sikuuliza tena.

Sasa nimeuliza. Juzi nilimpigia Mashaka. Hakukataa. Alisema naye alichomwa wiki hiyo hiyo, duka hilo hilo, na wewe ndiye uliyempeleka. Kisha akacheka kidogo, akasema, "Muulize somo yako nani alichomwa wa kwanza."

Kwa hiyo uliutambua ugonjwa wangu kwa sababu ulikuwa wako. Uliniponya, hilo siwezi kulikana, na huenda mwanangu yu salama kwa ajili ya sindano zile. Lakini nimekukasirikia mno, somo, na ninaona haya kwa yote niliyokuwa nikikusimulia juu ya Mashaka alipokuwa mume wangu, nawe ukinisikiliza.

Sitaki unieleze yalianzaje. Nataka uje Salale, ukae mbele ya Twalha na mama yake, useme kwamba niliugua kabla sijaolewa hapa, na kwamba wewe ndiye uliyenipeleka kutibiwa. Watakuuliza ulijuaje. Hapo sitakusaidia.

Shaabani imebaki wiki mbili. Wabusu watoto kwa niaba yangu, na majirani wote wanaoniulizia wape salamu. Msalimie sana mumeo Sadallah. Yeye bado sijamwandikia.

Wassalaam,
Zamda