Anayetafutwa ni Mama Mageni

Ibinzamata, Shinyanga
Jumamosi, saa tano kasoro asubuhi

Kwako Dada Justa,

Shikamoo dada. Naanza na salamu kwa sababu mama alitulea hivyo, hata nyumba ikiwa inaungua mtu anasalimiwa kwanza. Mageni hajambo? Kile kikohozi chake kimemwachia, au bado kinamsumbua kukikucha? Na mwenyeji wako Agnetha anaendeleaje? Michembe ya viazi aliyotutumia tuliila yote, mwambie wabeja sana. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, nimeshachana karatasi moja, kwa hiyo ukikuta maandishi yamekaa upande usishangae.

Barua hii nampa Nesi Bernadina wa zahanati, na nimemwomba asikukabidhi mpaka wewe na mtoto mmekaa ndani ya gari na gari limeondoka. Kama unasoma hapa basi Songwa mmeshaiacha nyuma. Najua umemkasirikia kwa kukuchukua juujuu hivyo, bila hata kukuacha uanue nguo za mtoto. Usimlaumu yeye, ni maagizo yangu. Mumeo Eustace amepata jina lako. Ningekupigia, lakini simu yako unaiwasha Jumapili tu kama tulivyokubaliana, na Agnetha hapatikani tangu asubuhi. Nimejaribu mpaka kidole kimechoka.

Naomba usome taratibu, dada, maana nataka uelewe ilivyotokea. Sitaki uishi ukidhani kuna mtu amekuuza.

Wewe siku zote unanicheka kwamba kazi yangu ni kukaa kitini na kukodolea kioo. Ni kweli nakaa. Lakini unajua nina wateja wangu: kuna chama cha wakulima wa pamba, kuna yule mwenye zahanati mbili, ya hapa mjini na ya huko Songwa, na kuna umoja wa Katoro wa wenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kazi ambayo Eustace mwenyewe alinitafutia wakati bado mnaishi vizuri, au wakati sisi tulidhani mnaishi vizuri. Kila mmoja anataka mfumo wake wa kompyuta uwe na sura yake. Huyu anataka picha ya pamba, yule anataka picha ya dhahabu. Ila nyuma, kule wasikoona watu wa kawaida, wote wanataka kitu kilekile: sehemu ya admini. Ni kama wale maadmini wa magrupu ya WhatsApp, mtu anayeingia na neno lake la siri, anaandikisha watu, anawaondoa, anawatafuta, anatoa taarifa.

Nilichoka kuandika kitu kimoja kila nikipata mteja. Kiangazi chote kilichopita nikajifungia kutengeneza sehemu moja ya admini ambayo naichukua kama ilivyo na kuipachika kwa mteja yeyote. Jirani yangu Adam anayechomelea mageti ndiye aliyenipa wazo, maana yeye ana fremu za kipimo kimoja zimeegemea ukutani, mteja akija anachagua maua tu. Nikasema na mimi nitafanya hivyo. Ilikubali. Kazi iliyokuwa inanila miezi ikawa naimaliza kwa wiki, na mimi nikaanza kutembea kifua mbele mitaa ya huku.

Humo ndani kuna kisanduku cha kutafutia watu, na hicho ndicho kilichonivimbisha kichwa kuliko vyote. Mwanzo kilikuwa kinatafuta kwa jina la mtu, kama mifumo yote. Siku moja nikaenda Mhunze kuona wanavyokitumia pale kwenye chama cha pamba, nikamkuta karani wao, Juliana, amekasirika. Aliniambia nimewaletea mfumo wa Wazungu. Watu wanakuja kuuliza kama Mama Kulwa ameleta pamba yake, yeye anaandika Mama Kulwa, mfumo unasema hakuna mtu kama huyo, na Mama Kulwa mwenyewe amesimama pale mlangoni anamwangalia. Nikamuuliza jina lake la kwenye kitambulisho ni nani. Ofisi nzima hawakulijua. Mumewe alikuwepo, naye alifikiria kwanza.

Nikarudi nikaongeza nafasi ya jina la mtoto, na kisanduku nikakiambia kianze kutafuta hapo. Wateja wote walifurahi. Nesi Bernadina alisema sasa ndiyo mfumo umejua Kiswahili.

Tulipokuficha huko Songwa, mimi na wewe tulipanga jina jipya, Nelly, ukaniahidi hutateleza, na hukuteleza. Nimeangalia, umeandikishwa zahanati kama Nelly. Ila nesi aliuliza jina la mtoto, kama anavyomuuliza kila mama, na wewe ukasema Mageni. Ungesema nini kingine, na mtoto yuko mapajani anakohoa, na jina lenyewe ni la marehemu mama yetu? Kosa silioni kwako hata kidogo. Tulificha jina ambalo hakuna anayekuita nalo, tukaliacha nje lile unaloitwa kila siku.

Na bado hilo peke yake lisingetudhuru. Kilichotudhuru ni mlango. Ile sehemu yangu ya admini mtu akifika inamuuliza: wewe ni admini? Akisema ndiyo na neno lake la siri likawa sahihi, inamkaribisha. Haikumuuliza admini wa wapi. Sisi nyumbani mgeni akipiga hodi tunamuuliza ametokea wapi kabla hajaonyeshwa kigoda, mimi nimekulia humohumo, lakini mfumo wangu sikuufundisha kuuliza. Sehemu ni moja, wateja wote wananing'inia humo, kwa hiyo admini wa karasha akitafuta mtu anatafutiwa hadi kwenye pamba na kwenye zahanati. Hakuna aliyegundua kwa sababu hakuna aliyewahi kutafuta mtu asiye wake. Nani atafute mgonjwa wa Songwa akiwa Katoro?

Eustace ndiye admini wa karasha.

Amenipigia leo asubuhi, nilikuwa nakunywa uji. Nilipoona jina lake nilitaka nisipokee, nikaogopa kutopokea. Nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba kwa uchangamfu, akaniuliza habari za kazi na habari za mzee. Kisha akanishukuru. Dada, sikuelewa, nikabaki naitikia tu. Alisema alikuwa anapitia orodha ya vijana wake wa karasha, mkono ukaenda wenyewe ukaandika Mama Mageni, hata yeye hajui kwa nini, pengine ni upweke. Wakatokea akina Mama Mageni wengine wa huko kwenye pamba, na mmoja wa kwenye wagonjwa, ambaye mtoto wake amezaliwa siku ileile aliyozaliwa binti yake. Akasema amenielewa, shemeji. Ameelewa kwamba niliona aibu kusema mbele ya watu, nikamwekea pale mahali atakapopaona. Akasema kumbe katika ukoo wetu yupo mwanaume mmoja.

Kikombe cha uji nikakisogeza pembeni.

Alichokuwa anataka ni msaada mdogo. Ukurasa wako ulikuwa haufunguki, lile duara linazunguka tu, si unaujua mtandao wa Katoro. Alikuwa ameliona jina na siku ya kuzaliwa mtoto, bado hajaona mnapokaa. Akaniomba nimfungulie. Aliomba kwa adabu kabisa, kama mtu anayeomba chumvi.

Nikakumbuka kile kikao cha nyumbani. Mkono wako uliovunjika ulikuwa bado una plasta, na yeye amekaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote, anasema ng'ombe aliowatoa hakuwaazimisha, na kwamba utarudi Katoro ukitembea au ukibebwa. Aliyasema bila kupandisha sauti. Baba akaangalia chini. Ndiyo maana leo Baba sijamwambia lolote, na wewe usimtafute. Anakupenda, lakini ataogopa, na akiogopa atasema.

Nilimwambia Eustace kwamba tatizo liko kwenye mtambo huku kwangu, anisubiri kidogo nizime na kuwasha. Akasema hana haraka.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nimelizungukia tangu nilipoanza kuandika, na hata Nesi Bernadina sijamweleza lote. Wazo la kwanza lilikuwa kukufuta. Vidole vilikuwa tayari vimeshafika. Lakini jina alikuwa ameshaliona, na lingepotea mbele ya macho yake angejua kwamba nimelipoteza mimi, na kwamba mgonjwa huyo kweli ni wewe. Zahanati ni mbili tu. Angeanza na ya mjini, na kesho angekuwa Songwa anawaonyesha watu picha yako. Alichokitaka ni mahali, na nikaona asipopewa mahali atapatafuta mwenyewe.

Nikampa mahali. Kwenye ukurasa wako nimefuta Songwa nikaandika zahanati ya mjini. Nimefuta nyumba ya Agnetha. Nimeandika kwamba Mama Mageni anakaa Ibinzamata, nyuma ya karakana ya mageti, kwa mdogo wake Sostenes. Nikampigia nikamwambia sasa ajaribu. Nikasikia anapumua akisoma. Halafu akasema, kumbe yuko kwako. Hakuniita shemeji tena. Akaniuliza kama nipo nyumbani leo, nikamwambia nipo. Akasema basi anakuja, tusitoke.

Ndiyo dada, ningeweza kutoka. Mabegi ninayo na nauli ninayo. Lakini akikuta kufuli mlangoni atajua amechezewa, na atakuwa na siku nzima mbele yake na gari lenye mafuta. Akinikuta nimekaa, nikamwambia umekwenda sokoni na mtoto na mtarudi sasa hivi, atakaa kukusubiri. Saa moja ya kukusubiri ni saa moja yenu ya barabara. Nitamwekea chai. Nitamuuliza habari za karasha, anapenda kuzieleza. Adam nimemwambia leo asifunge karakana, na vijana wake wamehamishia kazi upande wa ukuta wangu. Nimewapigia simu pia polisi, dawati la jinsia, mama aliyepokea alinisikiliza vizuri na kuandika kila kitu, akasema watakuja. Sijui nani atatangulia kufika.

Ule mlango sijaufunga bado, kwa sababu njiani anaweza kuwa anauangalia ukurasa wako, na ukibadilika atageuza gari. Akishapiga hodi hapa nitaufunga kwa kugusa mara moja, na hapo kila admini atabaki kwake. Bernadina atamweleza mwenye zahanati kilichotokea, maana wapo wanawake wengine humo wenye sababu zao za kutotaka kuonekana, na nimewaweka wote wazi bila kujua. Nikiwafikiria hao nazidi kuogopa.

Sikufichi, ninaogopa sana. Nimekwenda msalani mara nyingi kuliko mtoto aliyekula maembe mabichi. Nikisikia gari lolote linapunguza mwendo barabarani nasimama, halafu nakaa tena. Wewe ndiye uliyekuwa unanitangulia gizani kwenda kufunga ndama, unajua mimi si shujaa. Leo sikupata nafasi ya kumtafuta shujaa.

Bernadina anajua mnakokwenda. Nimemkataza asinitajie, alitaka kutamka nikamziba mdomo kwa kiganja, mtu mzima yule, atanisamehe. Nikiulizwa nataka nisiwe na cha kusema. Kwa hiyo usiniandikie, na Jumapili usiniwashie simu. Nitakaposikia kwamba ni salama nitakutafuta mimi, kwa njia ya Bernadina, hata kama itachukua muda mrefu. Na hili la mwisho ni gumu kulisema kuliko yote: huko mnakokwenda, mtoto asiitwe Mageni. Mama atatuelewa alipo. Chagua jina lolote unalolipenda, na mimi usiniambie.

Bernadina amesimama hapa na funguo mkononi, dereva wa gari la zahanati ameshapakia dawa za Songwa. Sasa hivi simu imeita tena, nikapokea Bernadina akinisikia. Ni Eustace, amefika Tinde, amebakiza kama nusu saa. Sauti yake ilikuwa nzuri, kama ya mtu anayekwenda harusini. Amesema nikuambie usipike, mtakula njiani mkirudi.

Nimemwambia nitakufikishia.

Mpe mtoto salamu zangu na umfunike vizuri, barabara hiyo ina vumbi na kifua chake hakijapona. Mshukuru Agnetha kwa niaba yangu ukipata nafasi. Mungu awatangulie huko ambako sikujui.

Mdogo wako anayekupenda,

Sostenes